Mtambo Uliokufa kwa Usafi

Ukipelekwa kuona mtambo wa bayogesi, usikimbilie jikoni kutazama moto. Moto ni kama mgeni aliyevaa suti: hujui kwake nyumbani kukoje. Wewe pitia nyuma ya nyumba, pale slari inapotokea, yaani ule mchanganyiko wa mavi ya ng'ombe na maji ukishamaliza kazi yake chini ya ardhi. Inama, unuse. Ikinukia udongo ulionyeshewa, mtambo ni mzima. Ikinuka mavi mabichi, mtambo unalishwa haraka kuliko unavyoweza kusaga. Na ikinuka hospitali, tafuta kiti, uombe chai, maana siku yako itakuwa ndefu.

Hilo la hospitali nililijua kwa aibu, kule Kalimoni, na ndilo nataka kuwasimulia. Lakini kwanza tujuane.

Mimi nakaa Kiganjo, hapa Thika. Jina la ubatizo ninalo, ila hata mchungaji wangu huniita Mama Gesi. Kwa miaka mingi nimechimba, nimejenga na kupiga lipu mitambo ya bayogesi kati ya Thika na Ruiru, mpaka magoti yangu yakastaafu kabla yangu. Siku hizi vijana wa vyuo vya ufundi hunijia nyumbani na simu zao mkononi, wanataka kunirekodi. "Shosho, sema kwa ufupi, hii bayogesi ina kesho?" Mimi huwaambia, kwa ufupi sijui, keti. Ninyi msioweza kuja Kiganjo, basi nanyi ketini hapohapo mlipo.

Kazi hii nilifundishwa na Fundi Ndung'u, mwashi mrefu mwenye kofia ya Jumapili ambayo alivaa siku zote isipokuwa Jumapili. Nilianza kwake kama mchota maji. Siku moja aliyekuwa akimpa matofali hakufika, nami nikashuka shimoni. Wanaume wa mjengo wakaanza kelele.

"Haiya! Mama ataingia shimoni na sketi?"

"Aliyekuzaa alikuwa na suruali?" nikamuuliza yule mwenye sauti kubwa.

Fundi Ndung'u hakucheka. Alinipa tofali tu, akasema, "Shika. Mdomo unao, tuone mkono."

Nikashika. Sikutoka tena kwenye mashimo.

Sasa niwaeleze mtambo ni nini, maana wengi huogopa kitu ambacho wamekilisha majani ya nepia kila asubuhi. Mtambo ni tumbo la ng'ombe lililozikwa. Ng'ombe hula majani, na ndani yake mna vijidudu visivyopenda hewa ambavyo huyasaga majani hayo na kutoa gesi. Ng'ombe hucheua na kubeua, gesi inapotelea angani. Kinachobaki tumboni bado kina chakula. Tunachofanya sisi ni kuchimba tumbo la pili ardhini, tukalijenga kwa matofali, likawa na kuba juu kama chungu kilichofunikwa. Mavi yanaingia upande mmoja, ndoo kwa ndoo na maji, vijidudu vinaendelea na kazi pasipo hewa, gesi inapanda juu ya kuba, na bomba linaipeleka jikoni. Slari iliyomaliza kazi inasukumwa nje upande wa pili, nayo ni mbolea ambayo sukuma wiki huipenda kuliko mvua. Hakuna uchawi. Kuna tumbo, na tumbo lina tabia zake.

Ugumu wote uko kwenye kuba. Hewa haibishi hodi, alikuwa akisema Fundi Ndung'u, kwa hiyo wewe ndiye ubishe. Alimaanisha hivyohivyo. Lipu ikikauka, kabla mtambo haujatiwa kitu, aliingia ndani na sarafu na kugonga ukuta wote, shubiri kwa shubiri, sikio likiwa karibu. Mahali palipojaa husema *tik*. Mahali penye uwazi nyuma ya lipu husema *tok*, na hapo unabomoa na kurudia, hata kama mwenye nyumba ameshachemsha chai ya kukuaga. Vijana wa leo wana vipimo vya kisasa, na ni vizuri. Lakini sarafu haiishi chaji.

Na hapa niache mzaha kidogo. Tunaingia kwenye mtambo kabla haujalishwa mara ya kwanza. Ukishalishwa, hata ukionekana mtupu, usiingie. Hewa ya mle humwangusha mtu kabla hajamaliza kusema niko sawa. Mtu wa pili akiingia kumwokoa, wanakuwa wawili. Hakuna koleo, simu wala pete iliyoangukia mle inayostahili kufuatwa.

Basi. Makosa yangu ni mengi, lakini kuna moja lilijengwa Kiuu, kule Ruiru upande wa Githurai, na bado lipo. Ni la Mwalimu Mbugua. Mwalimu alikuwa amestaafu, ana kiwanja na ng'ombe wanne, naye alitaka mtambo unaolingana na cheo chake. Fundi Ndung'u alikuwa amenifundisha kwamba ukimuuliza mtu ana ng'ombe wangapi, umuulize pia kesho atakuwa na wangapi. Siku hiyo aliniachia mimi makubaliano, nami nikauliza swali la kwanza tu. Nikamjengea bonge la mtambo. Muda si mrefu Kiuu ikajaa vyumba vya kupangisha, Mwalimu naye akajenga vyake, zizi likawa ngazi, ng'ombe wakauzwa. Mtambo ukabaki chini ya ua, mkubwa, wenye njaa. Kila wiki simu.

"Mama Gesi, umenijengea kanisa na mshirika ni mimi peke yangu."

"Pole, Mwalimu."

"Pole haiwaki."

Likumbukeni hilo kanisa la Mwalimu. Tutalirudia.

Sasa twende Kalimoni, huku Juja. Mama Muthoni alikuwa mjane mwenye ng'ombe watatu wa gredi, wale wa maziwa mengi, na kifua kibovu. Daktari alimwambia moshi wa kuni ndio unaomla. Alinijia wakati ambapo mgongo wa Fundi Ndung'u ulikuwa umeshamlaza nyumbani, kwa hiyo mtambo wake ukawa wa kwanza kuujenga bila yeye kusimama pale juu na kofia yake. Niligonga kuba lile kwa sarafu mara tatu. Nililisha, nikangoja wiki nne, gesi ya kwanza nikaiachilia iende maana huwa ni hewa tupu isiyowaka vizuri, na ya pili ikawaka moto wa bluu, mtulivu, usio na masizi. Mama Muthoni alikaa mbele yake kama anayetazama mtoto amelala.

Kisha akafanya jambo la ujasiri. Alikuwa katika chama cha akina mama wa mtaa huo, nao walikuwa wamefika mahali pa kuamua mradi. Mwenyekiti wao, Mama Shiru, alitaka hema na viti vya kukodisha. Mnajua vyama vyetu: mkikosa wazo, mnanunua hema. Mama Muthoni akasimama, akawaambia waache hema, wajenge mitambo, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka kila mmoja awe na wake. Wakasema sawa, lakini hatununui maneno. Jumamosi fulani, wiki tatu baadaye, watakuja kwake wote kwa chakula cha mchana. Gesi ikipika githeri ya watu wote, mahindi na maharagwe yake, pamoja na chai, watajenga. Isipopika, hema.

Mama Muthoni aliamini sana hata akageuza banda lake la kuni kuwa nyumba ya vifaranga. Kwa hiyo mnaona kilichokuwa mezani. Kwake yeye, ni kurudi au kutorudi kwenye moshi, na uso wake mbele ya wenzake. Kwa mtaa mzima, ni kama bayogesi itapita pale au itafia kwa huyo mmoja. Kwangu mimi, ni jina.

Siku tisa kabla ya Jumamosi hiyo, simu ikalia.

"Mama Gesi, mtambo wako umekufa."

Mtambo ukiwaka ni wa mwenye nyumba. Ukizima ni wa fundi. Zoeeni.

Nilifika na sabuni. Unakoroga povu, unapaka kila kiungo cha bomba, na mahali gesi inapovuja povu huvimba kama shavu la mtoto. Nilipaka kutoka jikoni mpaka kwenye kuba. Hakuna shavu. Nikakagua kama kuna maji yaliyolala ndani ya bomba, maana hayo hufanya moto ukohoe. Hakuna. Siku ya pili nikafukua udongo wote juu ya kuba, nikatafuta ufa. Jirani, Baba Gathoni, aliyekuwa akiuza kuni na makaa, alivuta kigoda mpaka kwenye ua wa michongoma ili asikose kitu.

"Fundi, unamfukua marehemu?"

"Baba Gathoni, huna wateja leo?"

"Wateja nitapata. Jumamosi."

Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa nimeshajihukumu: ni lipu. Nimekosea lipu. Bila Fundi Ndung'u siwezi. Siku ya tatu nikarudi Kiganjo, nikaenda kwake moja kwa moja na viatu vya matope. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kioski cha mkewe, mgongo umefungwa mkanda, kofia kichwani. Nikamweleza habari za lipu kwa kirefu. Akaningoja nimalize.

"Umenusa?" akauliza.

"Nimepaka sabuni kila mahali."

"Sikuuliza sabuni. Nyuma, pale inapotokea. Umenusa?"

Nikatikisa kichwa.

"Huyo mama anaosha vipi zizi lake?"

"Sijui."

"Unajua kila tofali na hujui mama," akasema. "Mtambo hauulizi nani aliujenga, Mama Gesi. Unauliza umekula nini. Rudi."

Nikarudi jioni hiyohiyo. Nikaenda nyuma, nikainama, nikanusa. Wanangu, ilikuwa kama nimeingia wodi.

"Mama Muthoni," nikaita, "unaoshea zizi nini?"

Akatoka akiwa na furaha, akanionyesha chupa. Dawa ya kuua viini, ile yenye harufu ya hospitali na povu jeupe. Tangu siku wageni walipotangazwa, kila asubuhi alisugua sakafu ya zizi kwa dawa hiyo, kona kwa kona, maana hakutaka mwanamke yeyote aseme kwamba Mama Muthoni anapikia watu juu ya uchafu. Na sakafu hiyo niliijenga mimi mwenyewe, imeinama vizuri kabisa, ili kila tone lielekee kwenye mdomo wa mtambo. Lile tumbo lililokuwa limejaa vijidudu vya kutupikia, yeye alilinywesha sumu ya vijidudu kila siku kwa heshima ya wageni.

Nilipomweleza, aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Kwa hiyo nimeua kwa usafi?"

"Mimi ndiye sikukuambia," nikasema. Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemweleza ndoo ngapi za mavi na ngapi za maji, nikamwonya kuhusu mchanga na majani makavu. Kuhusu sabuni na dawa sikusema neno. Nilijenga mtambo kwenye boma la mama wa huku kwetu, nikasahau kwamba wageni wakitajwa, mama wa huku kwetu huosha mpaka mti.

Zilikuwa zimebaki siku sita. Mtambo uliotiwa sumu haufufuki kwa maombi peke yake, ingawa Mama Muthoni alikuwa ameshaanza. Tulichota slari mbaya kwa ndoo zenye mpini mrefu, tukiwa nje, tukaimwaga kwenye shimo la mbali na mboga. Hatukuweza kuitoa yote. Tulitoa zaidi ya nusu. Tukajaza maji yaliyopashwa na jua pamoja na mavi mapya. Lakini mavi mapya huhitaji majuma ili vijidudu viongezeke. Kilichotakiwa ni chachu: slari hai, kutoka kwenye mtambo ulio mzima, yenye vijidudu tayari kwa kazi. Na kadiri nilivyofikiria wateja wangu, huyu alikuwa ametoka kutibu ng'ombe wake kwa sindano, na dawa hiyo hutoka na mavi, yule mtambo wake ulikuwa mdogo mno kuchotwa. Tulihitaji mtambo mkubwa.

Nikapiga simu Kiuu.

"Mwalimu, lile kanisa bado lipo?"

"Lipo. Na sasa lina washirika," akasema.

Nilikuwa nimeacha kwenda kwake kwa aibu, kwa hiyo sikujua. Baada ya ng'ombe kwisha, Mwalimu alianza kukusanya maganda ya viazi na ndizi kutoka kwa wenye vioski, majani ya kabichi, ugali uliobaki kwa wapangaji wake, na kinyesi cha kuku wa jirani. Alivikatakata kwa panga, akavilowesha, akavilisha kidogokidogo. Aligundua mwenyewe kwamba matunda yakizidi mtambo hupata kiungulia, moto unadhoofika, basi anaacha kulisha siku mbili tatu mpaka utulie. Wapangaji wawili wa chini walikuwa wakipikia gesi yake. Katikati ya Kiuu, penye nguo zimeanikwa kila orofa na hakuna ng'ombe hata wa kuchorwa! Kosa langu kubwa lilikuwa limejifundisha kula.

Tulikodi pikapu, tukajaza mapipa manne. Mwalimu alitaka kutupa darasa kwanza. Tukamwambia tuna haraka, akatupa fupi. Tukashika barabara kuu ya Thika na mapipa yetu, mimi na Mama Muthoni tumebanana mbele na dereva. Pipa moja halikuwa na kifuniko, tulilifunga gunia. Baada ya Ruiru, askari wa trafiki akatusimamisha.

"Mmebeba nini?"

Mama Muthoni, ambaye hasemi uongo, akajibu, "Chachu."

"Chachu ya nini?"

"Ya gesi."

Hilo halikumsaidia askari hata kidogo. Akazunguka nyuma, akainua gunia, akainamisha kichwa. Dereva alikuwa amekanyaga breki vibaya wakati wa kusimama, kwa hiyo mawimbi yalikuwa bado yanaendelea mle ndani. Wimbi moja likamfikia. Aliruka nyuma, akatazama shati lake jeupe, akatutazama sisi.

"Endeni," akasema. "Endeni, endeni, endeni."

Tukaenda.

Chachu iliingia mtamboni siku hiyo. Kisha tukafanya kazi iliyo ngumu kuliko zote kwa binadamu, yaani kungoja. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu nilinusa, hospitali ilikuwa imepungua. Ya nne kwenye tundu la kutokea kukawa na mapovu madogo, kama uji unaoanza kuchemka. Ijumaa tukafungua koki jikoni, Mama Muthoni akawasha kiberiti. Moto ukashika. Bluu, lakini mdogo. Mtu angeweza kuuzima kwa kupiga chafya.

Nilipiga hesabu kichwani. Gesi ile ingetosha chai. Githeri ya watu wote, haiwezekani.

Na hapa ndipo nilipokosea mara ya pili, niseme ukweli. Nilimwambia, "Githeri tuichemshe leo kwa kuni, upande wa Baba Gathoni. Kesho tuiweke juu ya gesi ikiwa tayari, ipate moto tu. Nani atajua?"

Mama Muthoni alinitazama.

"Mama Gesi, hawa watu nawaomba wachimbe mashimo kwa jasho lao. Nianze na uongo?"

Nikaenda kuloweka maharagwe.

Jumamosi wakaja, vitambaa vimefungwa vizuri, Mama Shiru mbele. Baba Gathoni alikuwa ameshaleta mzigo wa kuni mgongoni asubuhi.

"Si za kuuza," alituambia. "Ni za matanga ya mtambo."

Alidhani anatania. Mama Muthoni alizipokea, akamshukuru, akainjika githeri nje mbele ya macho ya kila mtu, akikohoa. Ndani, gesi ikapika chai. Wakanywa. Kisha Mama Shiru akaweka kikombe chini.

"Mama Muthoni, tulikuja kuona gesi ikipika. Imepika nini?"

"Chai."

"Na githeri?"

"Githeri ni kuni za Baba Gathoni."

Mtu akatazama banda la vifaranga. Mama Muthoni akasimama, akawaeleza yote: dawa, chupa, kila asubuhi, kona kwa kona, mapipa, askari. Hakuacha kitu. Alipomaliza, aliyekuwa mkubwa wa wote, Cucu Nyokabi, akauliza polepole, "Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, Cucu."

"Na ng'ombe walisemaje?"

Mmoja akaguna, mwingine akashika mdomo, halafu nyumba nzima ikapasuka.

"Mimi ningemwaga mara mbili kwa siku!"

"Mimi ningeosha na ng'ombe wenyewe!"

"Wewe wageni wakija huwa unapaka kuku mafuta!"

Cucu Nyokabi alingoja kicheko kitulie. "Kumbe ni kama uji wa kuchacha," akasema. "Unabakiza kidogo kwenye kibuyu, ndio unachachua wa kesho. Sasa nani huosha kibuyu kwa dawa ya choo?"

Nilikuwa nimetumia miaka kueleza jambo hilo kwa michoro. Yeye alilimaliza kwa kibuyu.

Hawakuamua siku hiyo, msinielewe vibaya. Mama Shiru alikuwa mwenyekiti kwelikweli. Maneno matamu hayakumhamisha. Alisema makubaliano ni makubaliano, na githeri haikupikwa kwa gesi. Lakini akaongeza, "Tutakupa mwezi mmoja. Tutakuja tena. Na siku hatukuambii, ili usioshe."

Walikuja Jumanne, saa za adhuhuri. Zizi lilikuwa zizi: mavi sakafuni, inzi wake, ng'ombe amelala penye unyevu. Mama Muthoni alitoka na leso ya kazi, alipowaona akataka kukimbilia ufagio, Cucu Nyokabi akamshika mkono. Mama Shiru akaingia jikoni peke yake. Juu ya gesi kulikuwa na sufuria ya githeri, inachemka taratibu, haijatengenezewa mtu yeyote. Alifunika tena, akatoka.

"Fundi yuko wapi?" akauliza.

Nilikuwa Kiganjo, nikimkanda Fundi Ndung'u mgongo kwa zamu na mkewe. Simu ilipoingia nilimpa aongee mwenyewe. Alisikiliza, akasema "Mm," mara tatu, kisha akanirudishia. "Wanauliza uanze nyumba gani. Waulize wana ng'ombe wangapi," akasema. "Na kesho."

Kila mtambo kwenye mtaa huo ulianzishwa kwa chachu ya Mama Muthoni, iliyotoka kwa Mwalimu, iliyotokana na kosa langu. Hata Baba Gathoni alikuja, si kwa gesi bali kwa slari. Leo anauza nepia iliyokuzwa kwa slari hiyo, na biashara yake haina moshi.

Kwa hiyo mkiniuliza kama bayogesi ina kesho, nitawaambia mtoke Thika mpaka Ruiru mkitazama kwa macho ya tumbo lenye njaa. Tazameni marundo ya nyanya zilizooza nyuma ya soko. Tazameni nyumba za kuku, machinjio, maganda ya kahawa, shule za bweni zinazochemsha maharagwe kwa malori ya kuni. Yote hayo ni gesi inayobeuliwa angani. Ng'ombe wanapungua Ruiru, ni kweli, lakini Mwalimu ametuonyesha kwamba maganda hayapungui. Na mbinu zimebadilika. Mimi nilimaliza majuma kwenye shimo moja. Leo vijana wawili wanafika na mtambo wa plastiki umekunjwa nyuma ya bodaboda, na jioni wanaondoka. Nilinuna kwanza. Kisha nikaona kwamba mama aliyekuwa hana uwezo wa matofali sasa anapika. Nikaacha kununa. Ila jua kali na jino la mbuzi havipatani na plastiki, uzungushieni ua.

Mavi hayajawahi kutupungukia. Mitambo mingi niliyoiona imekufa ilikuwa imejengwa vizuri, fundi akaenda zake. Rudini. Baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, pitieni bila kualikwa, mnywe chai, mpitie nyuma, mnuse. Mmuulize mama anaosha kwa kitu gani, ng'ombe anatibiwa kwa dawa gani, harusi iko lini. Hapo ndipo bayogesi itakapotoka nyumba moja kwenda ya pili.

Na siku utakayokuwa na mtambo wako wa kwanza, hauna hata povu, umeanza kujilaumu kwa ajili ya lipu, nenda Kalimoni umuulize Mama Muthoni. Kila mtu anamjua. Kifua kimepona, sauti imerudi, atakucheka kwanza kabla ya kukuchotea. Beba pipa. Liwe na kifuniko. Yule askari bado yuko barabarani, na anatukumbuka.